Hongera kwa Siku ya Leo

Tarehe kumi na saba Mei hakuna mtu katika bonde letu anayefua nguo. Ni siku ya Katiba. Hata wale wavivu wanaofua Jumapili wakidhani Mungu yuko kanisani hawaoni, siku hiyo huona haya. Bendera hupanda asubuhi, watoto huandamana na bendi, na watu wakikutana njiani hawaulizani habari. Wanapongezana, kana kwamba kila mmoja wao amezaliwa siku hiyo. "Hongera kwa siku ya leo," unaambiwa. Nawe unajibu, "Asante, hongera nawe." Usipojibu utatazamwa kama mtu aliyetema mate madhabahuni.

Basi mwaka wa arobaini na tatu, Wajerumani wakiwa wametukalia Norway kwa miaka mitatu, mama mkwe wangu alifua siku hiyo. Nami nusura nimnyonge kwa kamba ileile aliyoanikia.

Aliitwa Borghild. Alikuwa mjane, mwembamba, mwenye kichwa kigumu kuliko mawe tuliyokuwa tukiyang'oa shambani kila masika. Tuliishi watu wawili tu, yeye na mimi, na ng'ombe wawili, kwenye shamba la mwisho kabla ya msitu. Ukiuvuka msitu ule uko Sweden, kusikokuwa na vita. Mume wangu Embret, mwanawe wa pekee, alikuwa anatafutwa. Alikuwa akisambaza magazeti ya siri mjini, wenzake wakakamatwa, yeye akachomoka. Alikuwa ametufikia jana yake, matope hadi kiunoni, na tukamficha kwenye shimo la viazi chini ya sakafu ya zizi. Mkata miti mmoja aliyezijua njia za msituni angekuja kumchukua jioni ya Jumatatu, na Jumatatu yenyewe ndiyo ilikuwa kumi na saba Mei. Kitu kimoja tu kilitakiwa kwetu: kuonekana kama watu wasio na neno mpaka jioni.

Watu wote bondeni walikuwa wameambiwa Embret yuko kaskazini anakata magogo. Nilikuwa nimemwambia hivyo hata Oddvar, mkuu wa polisi, mbele ya watu dukani, huku nikimtazama machoni.

Asubuhi ile nilitoka zizini na ndoo ya maziwa, na nilipoinua macho nikaitua ndoo chini. Kamba ya nguo ilikuwa imejaa, upande wa barabarani, mahali ambapo hata kipofu angeiona kutoka ng'ambo ya mto. Kwanza sketi nyekundu ya sufu ya mama mkwe. Kisha shuka jeupe. Kisha vazi la buluu. Kisha shuka jeupe tena, na mwisho blanketi letu jekundu. Nyekundu, nyeupe, buluu, nyeupe, nyekundu. Rangi za bendera yetu, kilichokosekana ni mlingoti tu.

"Mama! Umefanya nini?"

"Nimefua," akasema, kibanio kikiwa menoni. "Leo si Jumatatu?"

"Leo unaijua ni siku gani!"

"Siijui. Niambie wewe." Akakitoa kibanio, akabana pembe ya blanketi. "Oddvar kabandika tangazo dukani. Kumi na saba ni siku ya kazi kama siku nyingine. Marufuku bendera, marufuku maandamano, marufuku mavazi ya sherehe. Ya dobi hakuyataja."

"Mwanao yuko chini ya ng'ombe, Mama! Leo ndiyo siku ya kuleta ukaidi?"

"Na kilichompeleka chini ya ng'ombe ni nini? Wizi wa kuku?" Akaniangalia kwa yale macho yake ya kijivu. "Mfalme wa Sweden aliwahi kuikataza siku hii, enzi tukiwa chini yake. Aliwatumia watu askari wa farasi kwenye mji mkuu, Kristiania, kisa wameshangilia. Bibi yangu alikuwa msichana wakati huo. Mwaka uliofuata wakashangilia tena."

"Basi nenda kamwambie mfalme wa Sweden! Maana jioni hii mwanao anakimbilia kwake!"

Akainamia kapu lake la vibanio, lakini sikupata nafasi ya kulifurahia hilo. Ng'ambo ya mto ulionekana moshi ukija taratibu juu ya miti. Petroli ilikuwa ya Wajerumani wenyewe. Gari la Oddvar lilikuwa na jiko la kuni nyuma la kuliendesha, likikohoa kilima kizima. Niliirukia kamba nianue.

"Acha," akasema Borghild. "Wameshaona. Ukianua sasa, ndiyo umekiri."

Nikaacha, mkono ukiwa juu ya lile vazi la buluu. Lilikuwa bado linachuruzika. Hapo ndipo nilipoona kiraka kwenye goti, na mishono ya kiraka ilikuwa yangu mimi. Ilikuwa ovaroli ya Embret. Yule bibi alikuwa amefua nguo aliyokuja nayo mtoro, akaitundika katikati ya bendera.

Nilitaka kulia, nikakosa hata muda wa kulia.

Waliteremka watatu. Oddvar, na beji ya chama cha vibaraka kifuani, buti zimepigwa rangi. Luteni mmoja Mjerumani, kijana, pua nyekundu kwa mafua, hajui neno la Kinorwei. Na askari mmoja aliyebaki kuchochea moto wa gari.

Oddvar hakuwa mgeni kwetu. Mama yake alikufa yeye akiwa mdogo sana, baba yake alikuwa mtu wa chupa, na kila Mei Borghild ndiye aliyemchana nywele, akampa bendera ya karatasi na kumshika mkono kwenye maandamano, yeye upande huu, Embret upande ule. Sasa alisimama mbele ya kamba, mikono nyuma, akaisoma kutoka mwanzo hadi mwisho kama mtu anayesoma barua ya matusi.

"Mama Borghild," akasema. "Hii ni nini?"

"Ni mashuka, Oddvar. Kwenu hamlalii mashuka siku hizi?"

"Usinichezee akili. Nyekundu, nyeupe, buluu."

"Jumatatu ni siku ya kufua. Nawe mwenyewe ndiye uliyesema leo ni Jumatatu kama Jumatatu nyingine. Nimetii amri. Bonde zima hakuna aliyetii kama mimi. Pita kote uone kama kuna mwingine aliyefua."

Luteni akauliza jambo, Oddvar akamfafanulia kwa Kijerumani, na yule kijana akacheka mpaka akapiga chafya. Niliona amechoshwa na matope yetu na anataka kurudi kwenye chai. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi nilipumua. Nikajisemea, kumbe ajuza kapatia.

Lakini Oddvar hakucheka. Alikuwa ameishika ovaroli kwa vidole viwili, akaigeuza.

"Hii ya nani?"

"Ya mume wangu," nikasema haraka, maana kukana kiraka changu nisingeweza.

"Embret yuko kaskazini. Uliniambia mwenyewe."

"Yuko kaskazini."

"Na ovaroli yake imechafukia wapi, hata ikafuliwa leo?"

Borghild akaingilia. "Panya. Panya wamelala ndani yake majira yote ya baridi. Akirudi atataka kuvaa mikojo ya panya?"

Oddvar alikamua mguu wa ovaroli. Yakatoka maji ya udongo, rangi ya udongo mwekundu wa barabara ya mjini. Kwetu udongo ni mweusi. Mtoto yeyote wa bonde lile angeyaona maji yale akajua. Akayaangalia yakidondoka kwenye buti lake, kisha akageuka taratibu, akaliangalia zizi.

Sijui kama nimewahi kumchukia mtu nilivyomchukia mama mkwe wangu dakika ile. Si Oddvar, si Mjerumani, bali yeye. Kwa ajili ya siku moja ya kalenda alikuwa amemuuza mwanawe.

Oddvar alianza kutembea kuelekea zizini. Luteni akafungua mfuko wa bastola, bila haraka, akamfuata. Oddvar alilijua lile shimo la viazi. Alicheza humo na Embret walipokuwa wadogo. Nilimwona akinyoosha mkono kwenye komeo.

Ndipo Borghild akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayepishana na jirani njiani:

"Hongera kwa siku ya leo, Oddvar."

"Asante, hongera nawe," akajibu Oddvar.

Alijibu bila kugeuka, mkono ukiwa kwenye komeo. Lilimtoka kama mtu anavyosema "afya" mwenzake akipiga chafya. Kisha akasikia alichokisema. Niliiona shingo yake, juu ya ukosi wa sare, ikipanda wekundu hadi masikioni, na mkono ukaganda palepale.

Luteni naye alikuwa amesikia. Maneno hakuyajua, lakini aliona mtu amesemeshwa, amejibu, na ameshtuka kwa jibu lake mwenyewe. Akasimama. Akauliza. Kijerumani sikukijua wakati ule. Aliyenieleza baadaye ni Borghild.

"Amesema nini huyo bibi?"

Oddvar aligeuka. Mkuu wa polisi wa bonde la jirani alikuwa amevuliwa cheo mwaka uliotangulia kwa kuwaachia watoto wapite mbele ya ofisi yake na kofia nyekundu za sufu, ambazo nazo zilikuwa zimepigwa marufuku. Alipelekwa mahali, na mkewe alikuwa bado hajajua ni wapi. Na yule alikuwa amenyamaza tu. Huyu alikuwa amepongezwa kwa siku iliyokatazwa, na akapongeza.

"Ametutakia safari njema," Oddvar akamwambia luteni.

"Nawe ukasema?"

"Nikamshukuru."

Luteni akamwangalia. Kisha akamwangalia Borghild, aliyesimama kando ya kamba na kapu la vibanio mkononi. Na hapo yule bibi akafanya jambo ambalo hata mimi, niliyelala naye nyumba moja miaka yote ile, sikulijua. Alimsalimu luteni kwa Kijerumani.

Yule kijana akachangamka kama aliyekutana na shangazi yake. Unajua Kijerumani, mama? Umejifunzia wapi? Borghild akamwambia alikuwa mtumishi wa nyumbani Lübeck alipokuwa msichana, kwa mfanyabiashara wa nafaka, na kwamba supu yao ya njegere hajaisahau. Luteni akasema nyumbani kwao si mbali na Lübeck. Akasahau pua, akasahau zizi. Kisha akakumbuka.

"Hebu niambie wewe, mama. Ulimwambia nini huyu bwana?"

Oddvar alikuwa bado amesimama mlangoni pa zizi, mkono kwenye komeo. Jasho jembamba lilikuwa limemtoka juu ya mdomo, asubuhi ile ya baridi. Borghild alimwangalia Oddvar, kisha akauangalia mkono wake. Aliuangalia tu, vile alivyokuwa akiuangalia mkono wa mtoto uliofika kwenye bakuli la sukari kabla ya wageni kukaribishwa.

Ng'ombe mmoja alikohoa ndani. Nilikuwa nimeshika shuka bichi, na maji yake yalikuwa yananiingia kwenye mikono ya blauzi hadi kwapani.

Oddvar akauondoa mkono kwenye komeo.

"Nilimtakia safari njema," Borghild akasema kwa Kijerumani. "Barabara ni mbaya masika. Naye ni mtoto mwenye adabu, akanishukuru."

Luteni akacheka, akamwuliza Oddvar vipi kuhusu zizi. Na Oddvar, aliyekuwa na sauti ya kupiga amri hadi ng'ambo ya mto, akasema kwa sauti ndogo kuwa amechungulia kwenye ufa, mna ng'ombe wawili tu na mavi mengi, na buti za bwana luteni ni mpya. Kisha akatujia sisi. Akainyakua ile sketi nyekundu kambani, akaitupa matopeni.

"Anueni takataka hizi," akasema. Na kwa sauti ya chini, karibu na uso wa Borghild: "Usinizoee, bibi we. Usije ukanizoea."

"Nimekuzoea tangu ulipokuwa unajikojolea, Oddvar."

Gari likakohoa, likageuka, likateremka. Tulisimama mpaka moshi ulipovuka mto. Nilikuwa na maneno ya kumwambia mama mkwe ambayo nilikuwa nimeyapanga tangu ovaroli ilipokamuliwa, mengine si ya kumwambia mkwe. Nilipogeuka nilimkuta ameketi chini, kwenye matope, juu ya sketi yake, vibanio vimemwagika. Meno yalikuwa yanamgongana.

"Mama, ulikuwa umepanga? Kwamba atajibu?"

"Nilipanga nini, Ragna? Nilijua wanamtoa Embret shimoni. Nikasema basi, Oddvar huyu nimwambie mara ya mwisho, nione kama atanipita hivihivi." Akajifuta pua kwa mkono wenye matope. "Kumbe alishika. Siku ya kwanza nilimvuta sikio. Nilimwambia mtu akikupongeza, hupiti kama ndama. Unajibu."

"Na ovaroli, Mama? Ovaroli ya mtoro?"

Akaokota kibanio kimoja matopeni. "Sikuwa na buluu nyingine," akasema.

Nikacheka. Sikutaka, lakini nilicheka hadi nikakaa naye matopeni, na kicheko kikageuka kilio, naye akanishika kichwa. Hasira yangu haikuisha siku ile, wala sitadai iliisha. Iliketi tu pale pamoja nasi.

Jioni mkata miti alikuja, jua bado liko juu ya msitu. Embret alipanda kutoka shimoni ananuka viazi na mbolea, akavaa ovaroli mbichi kwa kuwa hakuwa na nyingine. Huko chini alikuwa amesikia kila neno. Mkata miti alimhimiza. Hapakuwa na nafasi ya maneno marefu, na mimi maneno marefu siyawezi. Nikamwambia, "Hongera kwa siku ya leo." Akanijibu inavyopasa, akainama chini ya matawi, akaenda.

Wajerumani waliweka silaha chini mwezi Mei wa mwaka wa arobaini na tano, wiki moja na ushei kabla ya kumi na saba. Sherehe kama ile sikuiona tena. Bendera zilitoka chini ya sakafu, ndani ya magodoro, ndani ya mzinga mmoja wa nyuki. Embret alikuwa amerudi, amekonda, anazungumza kwa lafudhi ya Kisweden tuliyomtania nayo. Borghild alivaa sketi nyekundu. Doa la tope halikutoka kabisa.

Oddvar alikuwa amefungiwa kwenye chumba cha chini cha shule pamoja na vibaraka wengine, kungoja mahakama. Dirisha lake lilikuwa usawa wa ardhi, na vyuma. Na maandamano ya watoto kwetu huanzia shuleni.

Bendi ilipoondoka, Borghild alitoka mstarini. Alienda hadi kwenye lile dirisha, akainama, mkono kwenye goti. Nilimfuata. Nyuma yetu alisimama Tora, jirani yetu wa shamba la chini. Wanawe wawili walikamatwa vuli ya mwaka uleule wa nguo zetu. Oddvar ndiye aliyeenda kuwachukua. Hawakurudi.

"Hongera kwa siku ya leo, Oddvar," akasema Borghild.

Nilimwona ndani, amekaa kwenye benchi la watoto, magoti juu. Akainua uso. Mdomo ulifunguka.

"Borghild!" Tora akasema. "Huyo nawe unampongeza?"

Macho ya Oddvar yaliacha uso wa Borghild, yakaenda nyuma yake, yakashuka hadi kwenye viatu vya Tora. Mdomo ukafumba. Borghild alingoja, bado ameinama, na bendi inazidi kwenda. Tulingoja sote, hata Tora. Hakujibu.

"Twende, Mama," nikasema, na ile hasira ya zamani ilikuwa imenirudia. "Hata adabu uliyomfundisha imemwisha."

Borghild alinyooka polepole, akashika kiuno.

"Siku ile alijibu kwa kujisahau," akasema. "Leo amejikumbuka."

Tora alimshika mkono upande mmoja, mimi upande wa pili. Tukaharakisha, maana watoto walikuwa wameshafika dukani.